Maji au karatasi? Jibu kwa mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo

Marahaba mwanangu. Salamu zako zimefika Tanga, na swali lako nimelisoma kwa furaha, kwa sababu ni watu wachache wanaouliza mambo ya msalani bila kuzungukazunguka.

Naliweka kwa ufupi ili wasomaji wengine walifuate. Wewe na mumeo mnapangisha vyumba vinne katika nyumba ya zamani ya mama mkwe wako, huko Mji Mkongwe Bagamoyo. Wageni wanadai karatasi ya chooni. Mama mkwe hataki hata kuiona: anasema ni uchafu wa Wazungu, na mtu asiyechamba kwa maji hajajisafisha. Tangu muanze kuweka tishu, chemba imeziba mara mbili. Unataka kujua karatasi hii ilianzia wapi, watu wa zamani walitumia nini, nani kati yenu ana haki, na uweke nini katika vyoo vyako. Mwishoni umegusia kisima cha uani kana kwamba ni jambo dogo. Nitalifikia.

Nimekuwa bwana afya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kazi yenyewe ni kuchungulia vyoo vya watu. Kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyo.

Nianze na mama mkwe, maana yeye ndiye mwenye nyumba. Kuhusu maji, ana haki. Kuhusu Wazungu, hapana. Karatasi ya chooni ni mali ya Wachina, na walikuwa nayo mamia ya miaka kabla Ulaya haijajua hata kutengeneza karatasi ya kuandikia. Mwishoni mwa karne ya 6 mwanazuoni Yan Zhitui aliwaandikia wanawe nasaha za maisha, na humo akasema kwamba karatasi yenye maneno ya vitabu vitukufu au majina ya wenye hekima hathubutu kwenda nayo chooni. Mtu hajizuii kufanya jambo ambalo halifanywi na yeyote. Maana yake ni kwamba wakati huo watu walikwisha zoea kuchukua karatasi iliyotumika na kuingia nayo msalani, naye akaona kuna haja ya kuweka mpaka.

Sasa sikiliza hili, umsomee na mama. Mwaka 851 iliandikwa kwa Kiarabu taarifa ya wafanyabiashara waliofika China kwa njia ya bahari, bahari hii hii ya Hindi tunayoitazama sisi. Wanasifu mengi: hariri, vyombo vya udongo, utaratibu wa serikali. Wakifika kwenye choo wanashangaa. Wanasema Wachina hawajali usafi, kwamba wakimaliza haja hawaoshi kwa maji bali wanajifuta kwa karatasi tu. Neno la mama mkwe wako, basi, lilikwisha andikwa zaidi ya miaka elfu moja na mia moja iliyopita, na waliolisema ni mabaharia wa pwani kama za kwetu.

Wachina hawakuacha kwa kusemwa. Mwaka 1393, enzi ya mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming, kumbukumbu za ikulu zinaonyesha karatasi 720,000 za chooni zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa makao ya kifalme, kila moja ikiwa na ukubwa wa futi mbili kwa tatu. Familia ya mfalme yenyewe ilitengewa nyingine 15,000, ndogo, laini, za manjano hafifu, na zilizotiwa manukato.

Kabla ya karatasi walitumia vijiti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui ushahidi mwingine unaoeleza kazi yangu vizuri kuliko huu. Karibu na Dunhuang, kaskazini magharibi mwa China, kuna magofu ya kituo cha wasafiri kiitwacho Xuanquanzhi, kilichotumika miaka 2,000 iliyopita kwenye ile njia ya biashara ya hariri. Wachimbaji wa mambo ya kale walikuta katika choo chake vijiti vilivyofungwa kitambaa ncha moja, na kitambaa bado kina kinyesi kilichokauka. Mwaka 2016 watafiti Hui-Yuan Yeh na Piers Mitchell walitoa matokeo ya walichokiona kwa darubini: mayai ya minyoo, yakiwemo ya mnyoo wa ini ambaye hawezi kuishi kwenye jangwa lile. Mnyoo huyo huhitaji mabwawa, konokono na samaki wa maji baridi, na maeneo anakopatikana kwa wingi yapo karibu kilomita 1,500 kutoka hapo. Msafiri alimbeba tumboni, akatembea naye safari yote hiyo, akamwacha kwenye kijiti. Tulipokuwa tukiwaambia watu kwamba kipindupindu hupanda basi pamoja na abiria, tulikuwa tunasema jambo hilo hilo.

Wajapani nao walikuwa na vijiti vyao vya mbao. Wagiriki walitumia vigae na vijiwe. Kwa Warumi kunatajwa sifongo la baharini lililochomekwa kwenye kijiti; wanazuoni wa leo bado wanabishana kama lilikuwa la kujifutia mwili au la kusugulia choo. Warumi walisifika kwa vyoo vya mawe vyenye maji yanayopita chini na kwa mabafu ya kila mji, lakini huyo huyo Mitchell alipolinganisha mabaki ya kabla yao na ya wakati wao, hakuona minyoo ikipungua. Vyoo vizuri walikuwa navyo. Kinyesi kikizolewa na kumwagwa shambani kikiwa kibichi, mayai hurudi mezani na mboga.

Turudi pwani. Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alipita Mombasa akielekea Kilwa. Aliandika kwamba kwenye milango ya misikiti kuna visima, na maji huchotwa kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja. Mtu huosha miguu kabla ya kuingia, na anayetaka udhu humimina maji mikononi kwa chombo hicho. Anazungumzia udhu na miguu, si choo, lakini chombo anachokieleza ni kata, kata ile ile ambayo bibi zetu waliitengeneza kwa kifuu cha nazi na kuitia mpini. Utazame mpini huo kwa jicho la bwana afya. Mkono haugusi maji yaliyobaki. Anayechota hachafui ya mwenzake. Watu wa mwambao walikuwa na chombo hicho miaka mia tano kabla ya madaktari wa Ulaya kukubaliana kwamba maji machafu ndiyo yanayoeneza kipindupindu.

Ukienda Kaole, hapo hapo jirani yako, utaona magofu ya misikiti na makaburi, na kisima chake kinajulikana mpaka leo. Kule Gede, upande wa Kenya, James Kirkman alipochimbua mji wa kale alikuta majumba ya mawe yenye vyoo ndani, na pembeni mahali palipojengwa maalumu pa kunawia. Vyumba vya namna hiyo vilijengwa na Waswahili walioamini kwamba msalani bila maji si msalani.

Dini ilitia nguvu. Mama mkwe wako pengine anaijua hadithi ya Salman al-Farsi, sahaba wa Mtume Muhammad, kuliko mimi. Alidhihakiwa kwamba Mtume wenu anawafundisha kila kitu, hata namna ya kwenda haja. Salman hakuona haya. Akajibu ndiyo, ametukataza kuelekea kibla wakati wa haja, kutumia mkono wa kulia, kutumia mawe pungufu ya matatu, na kutumia kinyesi cha mnyama au mfupa. Ona kwamba mawe yanatajwa. Pasipo na maji, kitu kikavu kilicho safi kinaruhusiwa, na maji yanabaki kuwa bora zaidi. Mwaka 2015 mamlaka ya mambo ya dini ya Uturuki ilitoa kauli kwamba karatasi ya chooni inafaa kutumika pale maji yanapokosekana. Kwa hiyo, ukitaka kuzungumza na mama kwa heshima, usimwambie amepitwa na wakati. Mwambie karatasi imeingia mahali palipokuwa pa jiwe, na maji hayajaondolewa kwenye kiti chake.

Bara mambo yalikuwa tofauti kwa sababu ya maji yenyewe. Mwanamke anayepanda mlima na ndoo kichwani hawezi kumpa kila mtu kopo zima la kuchambia. Huko watu walitumia majani laini na magunzi ya mahindi, na wapo wanaoyatumia hadi leo. Nimekuta magunzi katika vyoo vingi vya milimani, yamepangwa vizuri kwenye kona, na sikuwahi kumdharau mwenyewe. Wakulima wa Marekani walifanya vivyo hivyo kwa vizazi na vizazi. Ubaya wa gunzi ni kwamba halilainiki upesi: likitupwa shimoni hubaki lilivyo miaka mingi, na shimo hujaa kabla ya wakati.

Na Wazungu? Ulaya walitumia matambara, nyasi, sufu na baadaye magazeti. Karatasi iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili hiyo tu ilianza kuuzwa New York mwaka 1857 na Joseph Gayetty. Ilikuwa karatasi moja moja iliyotiwa mshubiri, 500 kwa senti 50, ikitangazwa kama dawa ya bawasiri, na kila karatasi ilikuwa na jina lake ukiitazama kwenye mwanga. Aliwatisha watu kwamba wino wa magazeti ni sumu. Sisi watu wa Tanga tuliolelewa na katani tutapenda kujua kwamba aliitengeneza kwa nyuzi za mmea wa Manila, ule ule uliokuwa mpinzani mkubwa wa katani yetu katika soko la kamba. Mwaka 1891 Seth Wheeler wa Albany alipata hataza ya karatasi iliyoviringishwa na kutobolewa mistari ili ichanike vizuri. Ndugu wawili wa ukoo wa Scott, huko Philadelphia, waliifanya biashara kubwa, ingawa kwa muda mrefu waliuza kwa majina ya wafanyabiashara wengine kwa kuona aibu ya jina lao kukaa chooni. Na ubora ulichelewa: hata mwaka 1935 kiwanda kimoja cha Marekani kilikuwa kinajitangaza kwamba karatasi yake haina vibanzi vya mti!

Naamini kilichoipeleka karatasi mbele huko ni choo cha kuvuta. Mtu akishaweka bomba, gunzi na gazeti vinaliziba. Inatakiwa karatasi itakayolainika ndani ya maji. Hapo ndipo historia inapofika kwenye chemba yako.

Kabla ya chemba, neno moja tu kuhusu siku hizi, kwa sababu wageni wako watakwambia kwamba duniani kote watu wanatumia karatasi. Si kweli. Italia iliweka katika kanuni zake za ujenzi mwaka 1975 kwamba kila nyumba iwe na beseni la kunawia kando ya choo. Wajapani, walioshikwa na hofu mwaka 1973 kwa uvumi kwamba karatasi itakwisha hadi wakapanga foleni madukani, mwaka 1980 walianza kuuziwa kiti cha choo kinachorusha maji ya uvuguvugu, na leo kipo katika nyumba zao nyingi mno. Wahindi wana lota yao, Wafilipino wana tabo, sisi tuna kopo. Mwaka 2020, corona ilipoingia, nchi za karatasi zilinyang'anyana mabunda dukani. Mwenye kopo na ndoo hakuwa na haja ya kugombana na mtu.

Sasa chemba.

Karatasi halisi ya chooni hutengenezwa kwa nyuzi fupi zilizoshikana kwa udhaifu makusudi. Ikilowa na kutikiswa, inaachana. Tishu za mezani, leso za karatasi na zile za jikoni zimetiwa dawa ya kuzipa nguvu zikilowa, ili zisikuchanikie mkononi; kwenye bomba zinabaki nzima. Vitambaa vya kufutia watoto vinavyouzwa vikiwa na unyevu ni vibaya zaidi, maana vingi vina nyuzi za plastiki ndani. Mwaka 2017 huko London, eneo la Whitechapel, walikuta bonge la mafuta na vitambaa vya aina hiyo limeganda ndani ya mfereji wa maji taka, urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Mabomba yao ni makubwa kuliko yetu. Taulo za kike na nepi sihitaji kuzieleza.

Umesema mnanunua tishu za bei nafuu, zozote zinazopatikana. Jaribu hivi. Chukua chupa yenye maji nusu, tia vipande viwili vya karatasi yako, funga, tikisa kwa nguvu kama dakika moja, kisha mimina. Ikiwa imegeuka uji, inafaa. Ikiwa bado unaweza kuikamata na kuikunjua, hiyo ndiyo iliyoziba chemba, usiirudishe tena. Fanya hivyo kwa kila aina mpya mnayoinunua.

Jambo la pili ni maji ya kuvutia. Katika nyumba kama yenu, ambayo choo kiliingizwa baadaye ndani ya kuta za matumbawe, mara nyingi bomba lina kona nyingi na mteremko mdogo, na mgeni anavuta kwa kopo moja. Karatasi inafika kwenye kona ya kwanza na kulala hapo. Mwambie fundi afungue chemba akuonyeshe imeziba wapi. Ikiwa ni mahali pale pale mara zote mbili, tatizo ni bomba, na hata ukipiga karatasi marufuku litarudi.

Mpaka bomba litengenezwe, weka ndoo ndogo yenye mfuniko wa kukanyagwa kwa mguu kando ya kila choo, na tangazo fupi kwa Kiswahili na Kiingereza kwamba karatasi itiwe humo. Wageni hawatashangaa, Ugiriki nzima imejaa matangazo hayo kwa sababu mabomba yake mengi ni membamba. Lakini ukiweka ndoo umejipa kazi. Itiwe mfuko, imwagwe kila siku bila kukosa, mwenye kumwaga avae glavu na anawe kwa sabuni, na takataka zichomwe mahali pamoja au zipelekwe na gari la taka. Ndoo ya karatasi iliyokaa siku tatu katika joto la Bagamoyo ni nyumba ya nzi, na nzi hao ndio watakaotua kwenye chapati za asubuhi. Ukiona huwezi kuisimamia, afadhali usiiweke.

Ushauri wangu hasa ni huu: weka maji yawe ya kwanza katika kila choo, na karatasi iwe ya kukaushia. Funga bomba la mpira la kunawia kando ya choo. Fundi yeyote wa mabomba atakufungia, na bei yake haitakushinda. Maji yakikatika, ndoo yenye mfuniko na kata ya mpini mrefu, au kopo lenye mkono, ili vidole visiingie ndani. Mtu aliyenawa hutumia vipande viwili vitatu tu vya karatasi kujikausha, akiwa Mzungu au Mdigo, na chemba inapumua. Mgeni asiyezoea maji ana karatasi yake. Mama mkwe ana maji yake. Hakuna aliyefukuzwa.

Na sabuni. Hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili. Anayejifuta kwa karatasi hudhani mkono wake umebaki safi. Anayechamba kwa maji hudhani maji yale yale yameuosha na mkono. Wote wawili wana vijidudu kwenye vidole. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, karibu watu milioni mbili walikaa katika vikundi nchi nzima wakisikiliza redio na kusoma vijitabu, na baada ya hapo wakachimba vyoo kwa mamia ya maelfu. Ilikuwa kazi kubwa, naiheshimu mpaka leo. Lakini tulihimiza shimo kwa nguvu kuliko tulivyohimiza sabuni, na choo bila sabuni mlangoni ni nusu ya kazi. Kila choo chako kiwe na sabuni na maji yanayotiririka, hata kama ni kibuyu chirizi cha dumu la lita tano.

Sasa kisima. Umeandika kwamba kipo hatua nane kutoka kwenye shimo la choo, na kwamba maji yake "ni matamu, wageni wanayapenda". Mwanangu, hili ni kubwa kuliko karatasi zote za dunia. Tunashauri kwa kawaida umbali usiopungua mita 30 kati ya shimo la choo na kisima, na hata huo ni kwa udongo unaochuja vizuri. Ardhi ya pwani ina matumbawe yenye nyufa, na maji ya chini yapo karibu na uso wa ardhi. Kinachovuja shimoni kinaweza kufika kisimani bila kuchujwa. Utamu hauonyeshi chochote. Kuanzia leo maji hayo yasinywewe, yasioshe mboga wala vyombo, na yasitumike kupigia mswaki. Kwa kusukuma choo na kufulia yanafaa. Ya kuchambia na kunawia mikono yatie dawa ya klorini kwanza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio. Kisha nenda ofisi ya kata umwone afisa afya, umwombe sampuli ya kisima ipimwe, na wakati huo huo akuonyeshe mahali panapofaa kuhamishia shimo. Usingoje chemba izibe mara ya tatu.